Kumbe aliyekuwa analagisha wenzie ni mimi

Jumamosi moja usiku, saa tano na kitu, tulikuwa wanne kwenye Age of Empires II, gemu ya kompyuta ya kujenga himaya na kupigana vita: mimi Sinza, mshkaji wangu mmoja yuko Arusha, mwingine Mombasa, na binamu yangu aliyeko Muscat, huyo ndiye mwenye intaneti ya kujidai nayo. Sisi wanne dhidi ya kompyuta nne, ramani Black Forest, ile ya msitu mnene na vinjia vyembamba ambapo mechi inaweza kula saa mbili na isiishe. Dakika ya kumi safi, ya ishirini safi, kufika ya thelathini na tano mambo yakaanza kuwa mazito, unamwamuru farasi aende anafikiria kwanza, wanakijiji wanakata kuni kama wazee wanaotoka msibani. Kwenye simu ya kundi ni kelele tu, nani analagisha, yaani nani anafanya mechi ivute miguu, nani analagisha, na kila mtu anamshuku mwenzie, mimi nilimshuku wa Mombasa maana siku hizo alikuwa anacheza kwa bando la simu na nikamwambia wazi kabisa bila aibu kwamba kaka nunua Wi-Fi acha kututesa.

Baadaye nikavamiwa, ngome ikaanguka, nikajitoa kwenye mechi. Dakika moja haijapita ujumbe wa binamu ukaingia: "We ulikuwa unafanya nini huko? Sasa hivi inateleza kama nini."

Aisee niliumia. Laptopu yangu ilikuwa na stika ya i7, jina la prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za daraja la juu, na mtu ukiwa na stika ya i7 unatembea kifua mbele, unajua tatizo haliwezi kuwa kwako. Tena hii Age of Empires II mpya ya 2019, Definitive Edition, ina mtihani wake wa kupima mashine, ilipotoka ukitaka mechi za kupanda daraja ilikuwa inakudai pointi 1000, na mimi nilikuwa nimeupita, kwa tabu na ubora wote wa picha nimeushusha chini, ila nimeupita. Sasa inakuwaje?

Ikabidi nikae nielewe hii gemu inavyofanya kazi, na hapa nivumilie kidogo kwa sababu ukishalishika hili mambo ya kununua yanajipanga yenyewe. Wengi wetu tunadhani ukicheza na watu mtandaoni kuna seva mahali inahesabu kila kitu halafu inakutumia majibu. Gemu nyingi za kufyatuliana risasi ziko hivyo. Hizi za ukoo wa Age of Empires haziko hivyo, na sababu yake ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya tisini watu walikuwa wanatumia modemu za simu ya mezani, kilobiti 28.8 kwa sekunde, yaani leo hata picha ya meme ingekuchosha, sasa utapitishaje habari za mamia ya askari kwenye bomba jembamba namna hiyo? Jamaa walioitengeneza gemu wakaamua hawatumi askari, wanatuma amri tu. Ukiwaambia wapiga mishale thelathini waende pale, kinachosafiri ni hiyo amri, halafu kompyuta ya kila mchezaji inahesabu yenyewe kila hatua ya kila mtu kwenye ramani nzima, wako na wa wenzio, na zote lazima zifike kwenye jibu lilelile, mshale kwa mshale. Zikitofautiana kidogo tu mechi inavunjika.

Ndio maana bando dogo linatosha, na wa Mombasa nilimsingizia (nilimwomba radhi, ananikumbusha mpaka leo). Lakini pia hakuna anayeweza kutangulia. Mwenye mashine nzuri akimaliza hesabu zake anasimama kumsubiri mwenye mkokoteni. Umeshaona msafara wa harusi wenye gari moja bovu? Bibi harusi yuko kwenye gari la maana, feni inapuliza, lakini wote mnatembea arobaini kwa sababu ya ile Noah ya mjomba. Basi Noah ilikuwa ni laptopu yangu, na mashine ya binamu kule Muscat ilikuwa inatembea kwa mwendo wa Sinza.

Na mzigo wenyewe sio mdogo. Wachezaji wanane, kila mmoja watu 200, hao ni 1600, na kila mmoja kati yao anataka kujua apite wapi. Hii ya kutafuta njia ndiyo inayoua. Chukua paladini arobaini, wale askari wazito wa farasi, uwaambie wapite kwenye lango moja la ukuta, waangalie kwa karibu: wa mbele anasimama, wa pili anajaribu kuzunguka, wa tatu anarudi nyuma, wa kumi ameshaona labda kuna njia ya huko porini, na kila kusita kwa mmoja hapo ni hesabu mpya. Kwenye Black Forest ndio balaa, maana zile mashine za kurusha mawe zinakata miti, ukikata miti njia mpya zinafunguka, na kila aliyekuwa anaelekea mahali hesabu zake zinaanza upya.

Kumbuka pia ile ya mwanzo ya 1999 iliandikwa kwa ajili ya kompyuta ambayo kima cha chini ni Pentium ya megahezi 166 na ramu ya megabaiti 32. Prosesa za watu wa kawaida zilikuwa na kori moja, yaani fundi mmoja tu wa hesabu ndani yake, na kwa vile hesabu lazima ziende kwa mpangilio mmoja kila mahali, nani kapiga hatua kwanza, mshale upi umetua kwanza, sehemu kubwa ya kazi mpaka leo inabebwa na kori moja. Wewe leta kori kumi na sita, moja itavuja jasho na zile nyingine zitakuwa kama vijana kwenye ujenzi wa barabara, mmoja anachimba, wengine wameegemea sururu.

Nikarudi kwenye stika yangu. Chini ya neno i7 kulikuwa na jina kamili, i7-7500U. Hiyo U mwishoni ndiyo habari yote. Ni chipu ya laptopu nyembamba iliyopangiwa wati 15, kori mbili, imetengenezwa betri idumu, na kwa kazi hiyo haina kosa. Inaweza kupanda mpaka gigahezi 3.5, ila kupanda na kukaa juu ni vitu viwili. Nilifungua HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na kasi ya chipu, pembeni nikacheza: dakika za kwanza 3.5 hiyo inaonekana, joto linapanda, feni inalia kama inataka kuruka, na mwezi wa kwanza Dar chumba chenyewe ni oveni, ikifika dakika ya ishirini chipu inajishusha yenyewe isiungue, mbili na kitu, inabaki hapohapo. Na mechi inazidi kuwa nzito wakati huohuo mashine inazidi kuwa dhaifu. Ule mtihani nilioupita unaisha kabla joto halijafika. Nilibadilisha pesti ya kupoza chipu, nikapuliza vumbi (lilitoka la kutosha kupanda mchicha), ikasaidia kiasi, sio kiasi cha kutosha.

Hapo ndipo nikafanya kosa la pili, nikauliza watu. Ukiuliza watu kumi gemu inalagi nifanyeje, tisa watakwambia weka kadi ya grafiki, ile inayochora picha, wa kumi atakwambia cheza FIFA. Nikauza laptopu nikaingia Kariakoo kutafuta desktopu iliyotumika yenye kadi. Na nisiwadanganye, zile mashine zinazotoka maofisini Ulaya ni dili kweli, ila lazima ujue unachokitazama.

Duka la kwanza jamaa ana kadi iko kwenye boksi jeupe halina maandishi, anasema GTX 1050 Ti, gigabaiti nne, bei ya kushangaza. Bahati nilikuwa na GPU-Z, programu ya kutambua kadi, kwenye flashi. Tukachomeka, nikafungua, mbele ya jina la kadi kukaandikwa FAKE, kwenye mabano kabisa. Hizi zipo nyingi: wanachukua kadi ya zamani kama GTS 450 au 550 Ti, ya miaka ya 2010 na 2011, wanaibadilishia programu ya ndani ijitambulishe kwa jina la kijana. GPU-Z ilianza kuzikamata tangu 2018. Nikamwonyesha muuzaji. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi, akasema kwa upole mno, "Bro, hiyo programu yako ndiyo feki." Nikacheka mpaka nikamuaga vizuri.

Duka la tatu nikapata 1050 Ti ya kweli, imo ndani ya mnara, yaani boksi la desktopu, wenye prosesa ya i5-2400. Kori nne, gigahezi 3.1 ikipanda 3.4, haina U wala nini. Nikabeba, nikapanda nayo bodaboda nimeikumbatia kama mtoto. Nyumbani nikawasha kila kitu juu, maji yanang'aa, nikapiga picha nikawatumia. Jumamosi tukaingia Black Forest. Dakika ya arobaini, binamu: "Umeanza tena?"

Nilikaa kimya kama dakika nzima.

Nikafungua Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha nani anafanya kazi kiasi gani, mechi ikiendelea. Kadi inafanya kazi asilimia thelathini, imekaa tu. Prosesa asilimia thelathini na kitu, nayo ukiitazama haraka utasema haina tatizo, na hapa ndipo wengi wanadanganyika. Kori nne, moja ikijaa kabisa ni asilimia 25. Kwa hiyo thelathini na kitu maana yake kori moja imekabwa kooni na zile tatu zinapiga stori. Na i5-2400 ni ya 2011. Gigahezi zake zinafanana na za ile laptopu, lakini gigahezi ya 2011 na ya 2016 hazilingani, kizazi kipya kinafanya kazi nyingi zaidi kwenye pigo lilelile, kwa hiyo kwa kori moja moja nilikuwa nimetoa hela yangu kurudi nyuma, nafuu yangu ilikuwa ni kwamba huyu hapati joto.

Tangu siku hiyo nikitaka kulinganisha prosesa mbili naingia kwenye tovuti ya PassMark, wanaopima prosesa kwa alama, naipita ile namba kubwa ya juu, natafuta ile ndogo ya uzi mmoja, single thread, yaani nguvu ya kori moja peke yake. Ile kubwa inajumlisha kori zote, ni nzuri kwa mtu wa kuhariri video. Kwa mtu wa kupeleka paladini kwenye lango, ile ndogo ndiyo inayosema. Na herufi za mwisho zisome kama unavyosoma tarehe ya maziwa: U ni wati 15, T ni desktopu iliyobanwa mpaka wati 35 na unaikuta kwenye vile viboksi vidogo vinavyofungwa nyuma ya skrini, H ni laptopu yenye nguvu zaidi, isiyo na herufi ni desktopu kamili, F haina grafiki ya ndani, yaani bila kadi hupati picha kabisa, kuna mtu namjua alirudisha mashine dukani mara mbili kwa sababu hiyo.

Nilichoishia nacho ni mnara wa ofisini wenye i5-8500. Kori sita, inapanda mpaka 4.1, wati 65, ina grafiki ya ndani, UHD 630, hivyo hata kadi ikifa mechi haifi. Ilinigharimu laki tano na ushee, ramu nikiongeza mwenyewe. Kwanini kizazi cha nane (ndiyo hiyo 8 ya mwanzo kwenye 8500) na sio cha sita au saba ambacho kiko bei chee zaidi? Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inapokea Intel kuanzia ya nane, na Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo maofisi ya huko Ulaya yanatupa hizo za sita na saba kwa makontena. Ukiona bei imeporomoka ujue ina sababu. Kwa gemu bado zinacheza lakini, kama mfuko ndio unaongea mimi siwezi kukuzuia.

Mwenye uwezo wa kununua mpya, prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, ndiyo ningeanza nayo. Juu yake kuna kitu kinaitwa 5800X3D, ya 2022, na ndiyo iliyonifundisha habari ya kashe. Ndugu yake 5800X ya kawaida ana gigahezi zaidi, 4.7 kwa 4.5, ila huyu wa X3D amewekewa kashe ya megabaiti 96 badala ya 32, na kwenye gemu za kuhesabu watu wengi anamwacha mwenzie mbali. Kashe, ile kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, ni ile meza ya mama ntilie. Akiwa na chumvi, vitunguu na mafuta karibu na mkono sahani zinatoka mfululizo, akiwa na jiko kali la gesi lakini kila kitunguu anamtuma mtoto gengeni, jiko linawaka bure. Ramu ndiyo genge. Factorio, ile ya viwanda, ndiyo inaipenda kashe kuliko zote nilizoona watu wakipima.

Ramu: gigabaiti 16, na ziwe vijiti viwili vya nane, sio kimoja cha kumi na sita. Kama unategemea grafiki ya ndani hili ni lazima, kwa sababu hiyo grafiki haina kumbukumbu yake, inakula ya ramu, na kijiti kimoja cha DDR4 ya 2666 kinapitisha kama gigabaiti 21 kwa sekunde, viwili vinapitisha mara mbili yake. Mwenye duka alinishangaa ninavyokataa kijiti kimoja kipya nikachukua viwili vilivyotumika. SSD, ile diski ya kasi, weka, yoyote, haitaongeza fremu (picha kwa sekunde) hata moja kwenye vita ila wakati wa kufungua mechi wote mnamsubiri wa mwisho, na wewe hutaki kuwa wa mwisho tena.

Kadi sasa. Kwa Age of Empires ile 1050 Ti yangu niliihamishia humu na haijawahi kutoka jasho. Ukinunua mashine nyembamba ya ofisini pima kwanza, inataka kadi fupi, na pawa saplai yake mara nyingi ni wati mia mbili na kidogo, haina waya wa ziada wa kulisha kadi, na usidhani utainunulia nyingine mtaani kirahisi maana plagi zake za ndani ni za peke yake. Maana yake unabaki na kadi zinazokula wati 75 kutoka kwenye slotu tu, 1050 Ti au 1650, na hata 1650 kuna matoleo yanayodai waya, geuza uangalie. Skrini ya hezi 60 inatosha, wanakijiji hawahitaji hezi 144 kuvuna ngano. Ila kama yako ni ile ya zamani yenye VGA tenga hela ya adapta, mimi nilifika nyumbani saa mbili usiku na kila kitu isipokuwa adapta. Na lile furushi la picha kali ambalo Age of Empires wanakupa bure, kwa mashine kama yangu liache hukohuko.

Sio gemu zote za mikakati ziko hivi, binamu ataniandikia nisiposema. Yeye ni mtu wa Civilization, gemu ya kuchezwa kwa zamu, alianza na ile ya nne ya 2005, ile inayokupokea kwa wimbo wa Kiswahili kwenye menyu, na sasa yuko kwenye ya sita. Huko prosesa dhaifu haigandishi vita, inakuchelewesha kusubiri zamu, unabonyeza zamu inayofuata unaenda kuchemsha chai unarudi mpinzani wako Mansa Musa bado anafikiria, na ndani yake kuna kipimo cha kuhesabu muda huo, kitumie kabla hujalaumu. Stellaris, ile ya anga, nayo mwishoni galaksi ikijaa watu inakuwa hivyohivyo. Total War ni mnyama mwingine, pale kadi inalia kweli, na Warhammer III ya ukoo huo inataka diski zaidi ya gigabaiti mia. Cities: Skylines II, ile ya kujenga miji, ilipotoka Oktoba 2023 hata kadi za bei mbaya zilihema. Kwa hiyo anza na gemu unayoicheza wewe, usinunue mashine ya gemu ya jirani.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Black Forest tena, dakika ya sitini na mbili, watu 1600 au karibu na hapo, paladini wangu langoni wanasukumana na kila mmoja anakwenda ninakomtuma. UPS, ile betri ya akiba, iko chini ya meza kwa ajili ya hawa wanaokata umeme bila kubisha hodi. Kisha kwa mbali nikaona farasi mmoja kasita. Halafu wote. Nikatazama Task Manager kwanza kabla ya kufungua mdomo, joto sawa, kori sawa. Wa Mombasa akasema safari hii mimi niko kwenye faiba msinitazame. Tukanyamaza kidogo. Jamaa wa Arusha akasema yeye haiwezekani, kanunua laptopu mpya juzi, na akatupigia picha ya stika akatutumia.

Imeandikwa i7. Nimemwambia ageuze asome herufi ya mwisho, mpaka leo hajajibu.